Shoka la Bucha Lililozima Stima

Nianze kwa kuungama mwenyewe, kabla hamjasikia kwa watu wa ploti yetu ambao wakisimulia jambo huliongeza chumvi hadi linawasha. Siku maji yalipoingia kwetu mwaka jana, kitu cha kwanza nilichofanya hakikuwa kushika ndoo, wala kuinua godoro, wala kumwita mama. Nilitoa simu nikaanza kurekodi. Nilisimama kwenye ngazi kama mtangazaji wa habari za saa moja, nikailenga kandambili yangu iliyokuwa ikielea kuelekea jikoni, nikasema kwa sauti nzito, "Wasee, karibuni Embu, sasa tuna bahari." Sikumaliza. Mkono mnene wenye harufu ya mafuta ya mbuzi ulitokea nyuma yangu ukaichukua ile simu kama mtu anayechuma parachichi, ukaitumbukiza katika mfuko wa aproni. "Unayapiga picha maji, bwana mdogo?" mwenye mkono akauliza. "Yana harusi?"

Mwenye mkono huo amefariki. Jumanne asubuhi nikienda shule alikuwa mlangoni pa bucha yake, akanigombeza kwa kukanyaga na viatu vya matope sakafu aliyokuwa ametoka kuipiga deki. Nikamjibu kwamba sakafu ya bucha haina haja ya kuwa safi kuliko nyama. Akanirushia kitambaa, nikakimbia. Jioni niliporudi, mlango wa bucha ulikuwa umefungwa, na si mwezi wa Ramadhani. Wanaume walikuwa wakishuka kutoka makaburini wakiwa na udongo mwekundu hadi magotini, na kati yao alikuwepo mzee mmoja wa kanisa letu, amevaa kofia ya kuazima iliyomkaa kichwani kama kifuniko cha chupa. Nikamuuliza kuna nini. "Mzee wa bucha," akasema. "Kifua kilimbana asubuhi. Hakufika hospitali. Tumeshamzika." Nilidhani anatania, na mimi ndiye mtaniaji hapa. Kwetu sisi watu wa kanisa kwenye miteremko hii, mtu akifa kwanza huundwa kamati, kisha kamati ndogo ya kuichunguza kamati kubwa, kisha hema, kisha vipaza sauti, na marehemu anasubiri wiki nzima tukibishana kuhusu mpishi. Wenzetu Waislamu walimtoa mtu asubuhi na jua halijatua alikuwa chini. Sikupata hata muda wa kumrudishia kitambaa chake.

Kwa hiyo, wasomaji wangu wa kila Ijumaa mnaojipanga mbele ya ubao huu wa matangazo wa shule mkisubiri chakula, leo hakuna habari za wadudu wa githeri, yaani mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Wadudu wapo, wanawasalimu. Leo nataka kumkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimjua kwa supu yake tu.

Ploti yetu, kwa wale ambao hamjafika, imejengwa kwenye mteremko, kama nusu ya mji huu. Ukiwa barabarani unaona nyumba ya ghorofa moja yenye bucha chini, unasema ni nyumba ya kawaida. Hujui kwamba chini ya bucha kuna sakafu nyingine iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, madirisha upande mmoja, na upande wa pili ukuta umeegemea udongo mtupu. Hiyo tunaiita andagraundi, na huko ndiko mimi na mama tunaishi. Mchana wa saa sita tunawasha taa ili tuone ugali. Kwa hiyo marehemu alikuwa akitembea juu ya vichwa vyetu maisha yangu yote. Nilimjua kwa mlio wa gambuti zake na wa shoka lake kwenye gogo kabla sijamjua kwa uso. Alizaliwa hapa hapa mjini, katika Majengo, babu zake wakiwa mchanganyiko ambao mwenyewe alisema angetaka kuueleza ingebidi anunuliwe chai mara mbili. Kiswahili chake kilikuwa laini kama maini. Chetu, alisema, kina mifupa.

Siku moja nilichukua chaki nikaandika kwenye ubao wake wa nje, ule wa bei: LEO TUNA NYAMA YA NG'OMBE ALIYEKUFA AKICHEKA. Nikajificha nyuma ya tangi la maji nimwone akipandwa na hasira. Akatoka, akasoma polepole, akaingia ndani. Ubao ukabaki hivyo hadi jioni, watu wakipita, wakicheka, wakinunua. Nilipojitia kupita kama mtu asiyejua lolote, akaniita. "Bwana mdogo, umekosea kitu kimoja pale ubaoni." Nikamwambia mimi sijui ubao gani. Akasema, "Yule alikuwa mbuzi." Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Mzee anayekukaripia unaweza kumzoea, lakini anayekushinda kwa mchezo wako mwenyewe lazima umvulie kofia.

Sasa nirudi kwenye maji. Na ili muelewe maji, lazima kwanza niwaambie kuhusu nduma, ambazo wengine huziita magimbi.

Nyuma ya ploti yetu, juu kidogo ya ule ukuta ulioegemea udongo, kuna mtaro. Fundi aliyejenga aliuchimba makusudi: maji yanayoteremka kutoka barabarani yapite huko, yaizunguke nyumba, yaende zake bondeni. Ni mtaro mzuri. Lakini nitajieni mtu wa Embu au wa Meru anayeweza kuona mahali penye unyevu mwaka mzima asipande nduma. Ni kama kumwekea paka samaki mlangoni umwambie huo ni urembo. Mama alianza na miche michache aliyoletewa kutoka kwao Tigania. Mwalimu wa nasari wa ghorofa ya juu akapanda yake. Kabla mwaka haujaisha mtaro ulikuwa umegawanywa vipande, kila nyumba na kipande chake, mipaka ikiwekwa kwa mawe, na kesi za mipaka zikiamuliwa kwa kelele. Kipande cha marehemu ndicho kilichonona kuliko vyote, kwa sababu alikimwagilia maji ya kuoshea gogo la nyama. Nduma zake zilikuwa na majani unayoweza kujifunika mvua. Alituletea za kuchemsha tukanywa nazo chai, tukamsifu. Hakuna hata mmoja wetu, pamoja na mimi niliyepata alama nzuri katika Jiografia, aliyejiuliza maji yatapita wapi siku yakija mengi.

Yalikuja Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili, alasiri. Mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi, na upande wa Manyatta kulikuwa na weusi ambao ulinguruma bila kupumzika. Kisha mvua ya mawe ikapiga mabati hadi huwezi kusikia redio. Mama alikuwa chumba cha nyuma, kile chenye ukuta wa udongo, akilinda inkubeta yake. Sanduku hilo la mbao lilitengenezwa na seremala na kuwekewa balbu za kutia joto, na ndani mlikuwa na trei za mayai ambayo siku zake za kuanguliwa zilikuwa zimewadia. Ukiinamisha sikio ulisikia vifaranga wakilia ndani ya maganda. Mama anafanya kazi ofisini wiki nzima, anapanga mafaili ya watu wengine. Yale mayai yalikuwa kazi yake mwenyewe. Aliyageuza kwa mkono asubuhi na jioni, aliamka usiku kupima joto, na stima ikipotea alikuwa akiyafunika kwa koti lake la Jumapili. Msimu uliotangulia, stima ilipotea siku mbili, na yote yakafia ndani. Mama hakulia. Aliyazika nyuma ya choo, akanyamaza wiki nzima, na mimi sikuthubutu kufanya mzaha hata mmoja.

Maji yaliposhuka barabarani yaliingia mtaroni kama kawaida, yakakutana na shamba letu, yakasimama. Yalipokosa pa kupita yalifanya ambacho ungefanya wewe ukifungiwa lango, yakaruka ukuta. Yaliingia kwa matundu ya hewa ya chumba cha nyuma yakitiririka ukutani kama mtu anamwaga kwa debe, na wakati huo huo mengine yakapanda kwa shimo la bafuni, meusi, yakileta sabuni ya wiki iliyopita. Hapo ndipo mimi nilipotoa simu, na hapo ndipo mzee alipofika, kwa sababu aliona kutoka dirishani kwake mtaro umegeuka ziwa.

Na stima ilikuwepo. Hilo ndilo nawaomba mlishike vizuri. Stima ambayo siku zote hupotea tukiona wingu, stima ambayo hukimbia mtu akipiga chafya mjini, siku hiyo ilikaa imara. Taa zilikuwa zinawaka, balbu za inkubeta zinawaka, na waya wa ekstensheni uliolisha lile sanduku ulikuwa sakafuni, ncha yake yenye matundu ya plagi ikiwa juu ya tofali moja. Mama aliiweka juu ya tofali kwa sababu ya panya. Maji yalikuwa tayari yamelizunguka lile tofali na yalikuwa yanapanda.

Mama alikuwa amepanda juu ya kitanda cha akiba, trei moja mkononi, akiinua nyingine. Kati ya kitanda na mlango palikuwa na maji yale. Mzee alisimama mlangoni, hakuingia. Aliangalia taa, akaangalia waya, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Mama, usishuke," alisema.

"Mzee, nipokelee hizi trei."

"Sipokei. Na wewe usishuke. Stima iko ndani ya maji au itaingia sasa hivi. Nakwenda kuizima."

"Usizime!" Mama alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mzee, nakuomba, usizime! Yanatoka leo! Sikia, yanalia! Ukizima yatakufa kama yale mengine!"

"Mwanangu, mimi friza zangu ziko kwenye waya huo huo. Nyama ya wiki nzima. Nazima."

Akanishika shingo, si kwa ubaya, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kazi yako ni moja. Mamako asiguse maji. Hata ukimtukana, asiguse maji." Kisha nikasikia gambuti zikipanda ngazi mbili mbili, mzee mwenye presha.

Swichi kubwa ya ploti yetu iko juu, kwenye korido, ndani ya kiboksi cha vyuma kama kizimba cha kuku. Mwenye ploti alikitengeneza baada ya mtu kuunganisha waya wa wizi, akakipiga kufuli kubwa la shaba, na ufunguo akampa msimamizi wa ploti. Msimamizi siku hiyo alikuwa Mikinduri kwenye ruracio ya mpwa wake, akila mbuzi wa mahari, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Nilimsikia mzee akilivuta lile kufuli, akilipiga ngumi, akimwita mwalimu wa nasari. Kisha nikasikia gambuti zikishuka tena kuelekea bucha, na nikaelewa kwamba stima bado ipo, na kwamba nimebaki mimi na mama na maji.

"Mama, usishuke."

"Wacha mchezo. Njoo upokee."

"Mama, siwezi kuingia. Na wewe usishuke. Waya uko kwenye maji."

"Uko juu ya tofali. Nauona. Wewe siku zote ni mchezo tu. Nitashuka upande huu."

Sasa niwaambie kwa nini hakuniamini. Wiki mbili kabla ya hapo nilishika swichi ya sebuleni nikaanza kutetemeka mwili mzima, ulimi nje, macho juu, nikimlilia, "Mama, stima inanishika!" Alitupa sufuria ya uji akaja mbio na mwiko. Nilipocheka, alinichapa na mwiko huo huo, lakini nilicheka hata wakati wa kuchapwa, na nyinyi nilipowasimulia mlicheka pia. Basi sasa nilikuwa nimesimama mlangoni nikisema neno lile lile, kwa sauti ile ile, na mama alikuwa ameshatoa mguu mmoja kitandani, kisigino hewani, anatafuta sakafu. Maji yalikuwa yamefika ukingo wa tofali. Niliona povu la sabuni likipanda juu yake, likirudi, likipanda tena.

Nilipiga kelele. Nilisema nakuapia. Nilisema haki ya Mungu. Maneno yote hayo nilikuwa nimeshayatumia kwenye mizaha. Hayakuwa na uzito tena mdomoni mwangu kuliko maganda ya njugu. Nilitaka kuruka nimsukume, na miguu ikakataa, kwa sababu nilijua nikikanyaga pale tutakuwa wawili. Mwishowe nilichuchumaa pale ngazini nikamwambia kwa Kimeru, polepole, kama nilivyokuwa nikiongea nikiwa mdogo kabla sijajua kuchekesha watu. Sijawahi kumtania mama kwa Kimeru. Mzaha wangu wote nimeujifunza kwa Kiswahili na Sheng, shuleni na mjini. Nilimwambia naogopa. Nilimwambia asiniache.

Kisigino kikasimama hewani. Mama aliniangalia. Kisha akaurudisha mguu kitandani, akakaa, akazikumbatia trei mbili kifuani, akaanza kumwita Bwana kwa Kimeru, "Mwathani, Mwathani, Mwathani."

Juu yetu shoka likalia. Ni shoka nililolisikia likipasua mifupa maisha yangu yote, lakini siku hiyo lilikuwa linagonga chuma, na kila pigo lilitikisa taa yetu. Ngo! Mama anafumba macho. Ngo! Povu linapanda juu ya tofali na safari hii halirudi. Ngo! Mwalimu wa nasari anapiga unyende huko juu, anasema, "Mzee, mwenye ploti atakuua!" Na mzee anajibu akihema, "Angoje zamu!" Pigo lililofuata lilivunja kufuli, swichi ikashushwa, giza likaingia. Balbu za inkubeta zilizimika zikabaki nyekundu kidogo, kisha zikafa, na katika lile giza nikasikia maji yakilipita tofali, yakitoa mlio mdogo kama mtu anameza mate.

Nilimtoa mama nje nimembeba mgongoni, trei zimekaa kichwani mwangu kama kofia ya askofu. Naona mnacheka. Chekeni tu, mayai hayakuvunjika.

Sikuwahi kuona bucha kama ilivyokuwa jioni ile. Mzee alikuwa na sufuria ile kubwa ya supu, ile mnayoijua, juu ya jiko la makaa nyuma ya kaunta. Alisogeza gogo, akatandika makoti yake meupe ya kazi kando ya jiko, akapanga mayai juu yake, akayafunika kwa magunia yaliyooshwa. Mama akakaa pale sakafuni akiyageuza mayai na kuyapima joto kwenye kope la jicho. Friza zilikuwa zimezima na hazingewaka hadi fundi wa stima aje, kwa hiyo mzee alifungua milango yake akaita ploti nzima: "Leteni masufuria! Nyama haisubiri fundi!" Watu wakaja. Na mvua ikiendelea kupiga, huku mapande ya nyama yakichemka na mwalimu wa nasari akilia kwa moshi, ganda la kwanza lilipasuka. Mwenye bucha aliinama akakiangalia kile kifaranga chenye mabawa yaliyolowa kikijaribu kusimama kando ya gogo la kukatia nyama. "Maskini," akasema. "Umezaliwa mahali pabaya kabisa." Mengine hayakutoka, nisiwadanganye; kama nusu yalifia ndani. Lakini waliotoka walikua, na majogoo wawili kati yao ndio wanaowaamsha watu wa mtaa wetu hadi leo kabla ya adhana.

Methali husema maji yakimwagika hayazoleki. Aliyeitunga hakuwahi kuishi andagraundi. Sisi tuliyazoa kwa ndoo siku nzima ya Jumapili. Mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia mtaroni, na alianza na kipande chake mwenyewe. Aling'oa nduma zake zote, kubwa kama vichwa vya watoto, akazitupa barabarani. Hakutuhubiria. Hakusema niliwaambia, kwa sababu hakuwa ametuambia. Alikuwa amepanda kama sisi. Baada yake ilikuwa aibu kusimama ukiangalia, na mama akang'oa zake, na kesi zote za mipaka zikaisha siku hiyo, maana hakukuwa tena na shamba la kugombania. Tukapandisha soketi za andagraundi hadi usawa wa kifua. Tukajenga kizingiti cha saruji mlangoni kinachomkwaza kila mgeni, na mimi kila siku. Mwenye ploti alikuja akiwaka kwa sababu ya kufuli lake. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamkaribisha supu, akamwambia, "Weka kufuli jingine, ni haki yako. Lakini ufunguo ukae hapa buchani, usiende harusi." Na tangu siku hiyo ufunguo ulining'inia kwenye ndoano ya nyama, na kila wingu lilipojikusanya mlimani alitoka barabarani na jembe akaita neno moja tu, "Mtaro!", tukatoka, wengine tukinung'unika, na wengine, yaani mimi, tukijidai wagonjwa.

Nimekuwa nikifikiri juu ya lile kufuli wiki hii yote. Mji wetu unakua, na tunajenga kuelekea chini kwa sababu juu pamejaa. Kila siku naona shimo jipya likichimbwa kwenye kilima, na kila ua unawekwa mawe ili gari lisikanyage matope, na maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo sasa yanatafuta pa kwenda. Ndani ya mashimo hayo tumetia waya za kila aina: friza, inkubeta, chaja, kompyuta. Tunaogopa stima kupotea. Hatujajifunza kuogopa inapokataa kupotea. Tunakifungia kwa kufuli kitu kinachoweza kutuua kwa sababu tunamwogopa mwizi, na kile kinachotulinda, huo mtaro usio na mwenyewe, tunauacha wazi kila mtu ajikatie kipande. Mwizi tunamfikiria kila siku. Mvua tunaifikiria ikishafika mlangoni. Nilizoea kudhani mambo haya ni ya kaunti, ya wahandisi, ya watu wazima wenye kofia za njano. Lakini alasiri ile hakuja mhandisi. Alikuja muuza nyama ambaye nduma zake zilikuwa zimeziba mtaro kuliko za mtu yeyote, na nadhani alilijua hilo kabla hajashika shoka, na ndiyo maana hakusita kupoteza nyama yake. Sidhani alikuwa shujaa, na angenirushia kitambaa ningemwita hivyo. Alikuwa mtu aliyeona kosa lake likielekea kwa mtu mwingine, akaenda kusimama katikati. Ukiniuliza mimi nimejifunza nini kwake, ni hicho tu: ukishajua maji yametoka kwako, usibaki ngazini.

Jumanne usiku mama na mimi tulipanda kwenda kuwapa pole. Wanawake walikuwa ndani, wanaume nje kwenye mikeka, kahawa ikizunguka, hakuna kipaza sauti, hakuna kamati. Mkewe alimshika mama mikono yote miwili, na mama, ambaye mwaka mzima hakuwa amelitaja lile jambo hata mara moja, si kwangu, si kanisani, si kwa ndugu zake Tigania, alilia kwa sauti mbele ya watu. Tukashuka ngazi. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, kuhusu ile kofia ya mzee wa kanisa, kwa sababu sijui kukaa na mtu anayelia bila kumchekesha. Mama akanishika mkono kabla sijaufungua mdomo, akasimama pale pale mlangoni pa chumba cha nyuma, akaangalia sakafu. Sitaongeza neno langu baada ya lake. Alisema, "Ile siku ya maji nilikusikia tangu mara ya kwanza. Na nilijua si mchezo. Nilikuwa tu nayahesabu mayai kwanza, kabla yako wewe na mimi mwenyewe."